Njooni Jumanne: barua ya wazi kwa wanaoongoza Lubumbashi kuhusu muziki wa vijana katika kumbi za mitaa

Kwa wakubwa wetu wa mji, wa komini (sehemu za utawala za mji) na wa mtaa. Kwa viongozi wa jimbo la Haut-Katanga wanaoshughulikia vijana, utamaduni na kodi. Kwa makamanda wa polisi. Na kwa kila mwenye mhuri unaohitajika ili mtoto wa miaka kumi na saba apande jukwaani.

Jambo yenu nyote.

Ombi letu ni fupi, na tunaliweka mbele ili mwenye haraka alisome na kwenda zake: mkiwa na jambo na ukumbi wetu, njooni Jumanne. Msije Jumamosi saa tisa alasiri, watoto wameshajaa ndani, sono (vyombo vya sauti) imeshafungwa tayari kupiga na mama wa bitumbula (maandazi) ameshawasha makala (makaa). Njooni siku ya kazi, mchana, mkiwa na karatasi inayosema nani amewatuma na sheria gani inadai nini. Tukae chini, mtutajie bei, tulipe benki, au kama hatukubali tukate rufaa. Mengine yote katika barua hii ni sababu za ombi hilo.

Sisi ni kamati ya watu wa kujitolea inayotunza ukumbi wa jamii katika mojawapo ya komini za mji huu. Hatutaji komini wala ofisi, kwa maana hatukuandika ili kumchongea mtu. Katika kamati kuna mwalimu wa shule ya msingi, fundi umeme, muuza makala, wanafunzi wa chuo kikuu, na mama mmoja, muuguzi mstaafu, ambaye ndiye anayeshika ufunguo na ndiye tunayemwogopa. Hakuna anayelipwa. Anayefagia ni yule aliyewahi kufika. Katikati ya juma ukumbi hutumika kwa vikao vya familia, matanga, mafunzo ya kushona na masomo ya jioni. Jumamosi fulani fulani, na zaidi wakati wa vakansi kubwa, tunaufungua kwa vijana wenye muziki: rapu, slamu (mashairi ya kughani), kwaya, rumba, na karindula (muziki wa banjo kubwa ya pipa) pale vikundi vya karindula vinapokubali kucheza bila bia.

Tuanze na sheria, kwa kuwa ndiyo lugha ya ofisi. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 25, inalinda uhuru wa kukusanyika kwa amani bila silaha, mradi sheria, utulivu wa umma na maadili viheshimiwe. Kifungu cha 26 kinahusu maandamano, na kwa yale ya barabarani au mahali pa wazi kinawataka waandaaji waiarifu mamlaka kwa maandishi. Ukumbi wetu una kuta nne na paa, hata kama paa lenyewe linavuja. Si barabara. Hata hivyo tunaandika barua kila mara, kwa sababu tunataka mjue watoto wako wapi. Kifungu cha 42 kinaibebesha mamlaka wajibu wa kulinda vijana dhidi ya lolote linalodhuru afya, elimu na makuzi yao. Kifungu cha 46 kinatambua haki ya utamaduni na uhuru wa kubuni kazi za sanaa. Sisi si wanasheria, lakini vifungu hivyo vinne tumevisoma, na hatujaona mahali panapomruhusu mtu kusimama mlangoni na kuzuia ngoma isianze kwa sababu hajapewa cha soda.

Maana ndivyo inavyokuwa. Anakuja wa kwanza, anauliza: "Nani amewaruhusu?" Tunamwonyesha nakala ya barua yetu yenye mhuri wa mapokezi. Anaisoma polepole, anaigeuza nyuma kutazama kama kuna maneno mengine huko, halafu anasema: "Hii ni ya kupokea, si ya kukubali." Ni kweli. Ya kukubali tuliambiwa tuifuate kesho, na kila tulipoifuata mwenye mhuri alikuwa ametoka. Tunazungumza, tunacheka kidogo, anaondoka na matabishi yake, ile soda. Anafika wa pili, anasema yule wa kwanza si wa idara yake. Anafika wa tatu, huyu anadai kodi ya tamasha. Tunamwuliza ni kiasi gani. Na yeye anatuuliza sisi: "Ninyi mna ngapi?"

Hapo ndipo penye uchungu, wakubwa wetu. Kodi yenye bei hatuikimbii. Ila kodi inayopimwa kwa kuchungulia kikapu cha kiingilio haina jina.

Tuwafanyie hesabu, maana tunajua wengi wenu mnadhani penye makelele pana fedha. Kiingilio chetu ni franka 1,000. Ukumbi ukijaa watu 200, na hatuupitishi hapo, tunapata franka 200,000, ambazo hazifiki dola 100. Humo tunalipa kukodi sono, petroli ya grupe (jenereta), nauli ya kikundi kinachotoka mbali, zamu (mlinzi) wa kulala na vyombo vya watu, maji ya kunywa, na sabuni ya kuoshea choo siku inayofuata. Wanamuziki hawapati kitu zaidi ya sahani ya bukari (ugali) na samaki. Ikitokea hela ikabaki, inanunua balbu au bati moja. Sasa weka wageni watatu wa mlangoni juu ya hesabu hiyo. Mara nyingine kilichowaridhisha wao ni kikubwa kuliko kilichobaki kwetu, na mweka hazina hukopa kwa dada yake ili sono irudi ilikotoka.

Na sheria ya kodi ipo. Ordonansi-sheria nambari 18/004 ya tarehe 13 Machi 2018 imeweka orodha ya kodi, ushuru na malipo yanayoweza kudaiwa na jimbo na mamlaka za chini yake, komini zikiwemo. Orodha huwekwa ili kilichomo kidaiwe na kisichomo kisidaiwe. Tunaomba sehemu inayohusu maonyesho na tamasha ibandikwe kwenye ubao wa kila ofisi ya komini, pamoja na kiasi kwa franka, kikitenganishwa kati ya tamasha la biashara na lile la ukumbi wa kujitolea. Bango hilo halihitaji bajeti. Linahitaji karatasi moja, gundi, na mtu asiyeogopa kulibandika.

Kuhusu haki za watunzi, msituelewe vibaya. Tangu sheria ya tarehe 5 Aprili 1986 mtunzi ana haki juu ya kazi yake, na anayepiga wimbo wa mwenzake mbele ya watu wanaolipa hana budi kutoa fungu. Tunakubali kwa moyo wote, kwa kuwa watoto wetu nao ni watunzi na kesho watataka kulipwa. Lakini programu yetu nyingi ni nyimbo walizozitunga wenyewe, chumbani, kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Tukiwasilisha orodha ya nyimbo siku nne kabla, hesabu ifanywe kwa orodha hiyo. Mtoto asidaiwe fungu la wimbo wake mwenyewe na mtu ambaye hakuwahi kumwandikisha popote.

Mtatwambia: kwa nini msijiandikishe kama shirika kamili, mpate heshima yenu? Tumejaribu. Sheria nambari 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 inayosimamia mashirika yasiyo ya faida inaweka utu wa kisheria mikononi mwa Waziri wa Sheria, na waziri yuko Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa. Kwa chama chenye mfadhili hilo ni bahasha ya kutuma. Kwa kamati inayokopa hela ya sabuni ni safari ya ndege ya mtu mmoja ambayo ingeezeka paa zima. Bila karatasi hiyo benki inasita kutufungulia akaunti, kwa hiyo fedha za ukumbi hukaa kwenye simu ya mweka hazina, naye mume wake hajawahi kulipenda jambo hilo. Jimbo likiweka dawati moja hapa Lubumbashi la kukusanya faili za kumbi zote ndogo na kuzipeleka kwa pamoja, nusu ya maswali ya mlangoni yatakufa yenyewe.

Sasa tuje kwenye saa, kwa kuwa hapa ndipo jambo letu linapoacha kuwa la fedha.

Tunaanza saa tisa alasiri na kufunga saa kumi na mbili na nusu. Tulichagua hivyo kwa ajili ya wasichana. Lubumbashi jua huzama mapema. Mwezi wa sita, kabla saa kumi na mbili haijalia, giza limeshashika. Mama anayemruhusu binti yake kuja kuimba anatuuliza swali moja tu: atapanda taksibasi saa ngapi? Tukimwambia saa kumi na mbili na nusu, anakunja uso, lakini anamwachia, maana barabarani bado kuna watu na wauza mboga hawajaondoka. Tukimwambia saa mbili usiku, binti haji, na mama yuko sawa.

Mlango ukizuiwa Jumamosi kwa saa nzima, saa hiyo hairudi. Programu inaanza saa kumi, vikundi vya mwisho wanakataa kukatwa kwa sababu wamefanya mazoezi vakansi nzima, na tunafunga usiku umeshaingia, barabara imebaki bila watu. Kuna Jumamosi moja tuligawana wasichana kwa avenyu, kila mwanakamati akasindikiza kundi lake kwa miguu hadi mlangoni kwao, muuguzi wetu mstaafu akiwa mbele na tochi, akimwita kila mzazi atoke amwone mtoto wake kwa macho yake. Hakuna aliyeguswa. Lakini juma lililofuata kwaya moja ilipungukiwa sauti zote za juu. Wazazi walikuwa wamekata shauri. Aliyetuchelewesha mlangoni sidhani kama alijua kwamba alikuwa anachagua nani ataimba na nani hataimba.

Polisi tunawahitaji, tuseme kweli. Njia ya kutoka ukumbini hadi barabara kubwa haina taa, na kuluna (vijana wahalifu wa mitaani) wanajua siku zetu kuliko baadhi ya ofisi zinavyozijua. Tunachoomba ni askari wawili waliopangwa na kamanda wao, ambao majina yao tumeyapewa mapema, wasimame nje, njiani, pale watoto wanapopita. Ndani ya ukumbi tuna vijana wetu wenye vitambaa vya kijani mkononi na wanatosha. Leo mambo yamepinduka: anayekuja husimama mlangoni, penye mwanga na kikapu, na njia yenye giza inabaki bila mtu.

Najua mkisikia neno tamasha mnakumbuka Kinshasa. Tarehe 29 Oktoba 2022, kwenye Uwanja wa Martyrs, onyesho la Fally Ipupa lilijaza watu kuliko nafasi, na serikali ikatangaza vifo vya watu 11, polisi wawili wakiwemo. Nasi tunaikumbuka siku hiyo. Ndiyo maana tuna kiwango cha watu 200 tulichojiwekea kwa kupima sakafu wenyewe, na ndiyo maana fundi aliugeuza mlango wa pili ufunguke kwa nje, ili umati ukisukuma mlango utii. Lakini hatujui kama hesabu yetu ya 200 ni sahihi machoni penu, kwa sababu hakuna mtu wa serikali aliyewahi kuja kupima. Wote wanaokuja wanauliza karatasi. Hatujapata bado aliyeuliza mlango wa pili uko wapi. Tunaomba mtaalamu wa zimamoto au wa ujenzi aje mara moja kwa mwaka, akague nyaya, milango na paa, aandike idadi kwa rangi ukutani na kuweka sahihi yake chini. Akisema 150, tutauza tiketi 150. Akisema jengo halifai, tutafunga na kuanza kutafuta saruji. Tukikiuka, mtufungie.

Umeme tutautaja kwa ufupi, maana si ninyi nyote mnaohusika nao, na pia kila msomaji wa mji huu anaijua hadithi. Waya mkubwa kutoka Inga hadi Kolwezi, wa kilomita kama 1,700, ulikamilishwa mwaka 1982 ili kuyalisha machimbo ya Katanga, kwa hiyo tunaelewa foleni ya umeme inaanzia wapi na sisi tumesimama wapi. Ninachotaka mjue ni namna tunavyoishi nao. Umeme ukikatika katikati ya wimbo, hatari haijafika bado. Hatari ni pale unaporudi, kwa kuwa unarudi kwa kishindo na kuunguza amplifaya ya watu. Basi tuna kijana mmoja ambaye kazi yake yote ni kusimama kando ya dijonkta (swichi kuu ya umeme). Ukikatika tu, anashusha. Ukirudi, anasubiri, anatazama balbu ya chumba cha nyuma kama inacheza au imetulia, halafu anamtazama mtu wa sono, na mtu wa sono akiinua kidole ndipo anapandisha. Amekosa karibu kila onyesho kwa sababu mgongo wake umelielekea jukwaa na macho yake yako kwenye balbu. Grupe tunaiweka nje, nyuma ya ukuta, kwa sababu ya moshi wake unaoua kimyakimya, na pale inapogoma karindula ndiyo hutuokoa: pipa, ngozi ya mbuzi, nyuzi nne, na mikono. Haiombi umeme. Mtu wa sono huwa ananuna kidogo siku hizo.

Kelele. Hapa majirani wana haki, na baadhi yenu mmepokea malalamiko yao. Besi haijui ukuta. Inapita kwenye mabati na kuingia chumbani kwa mzee aliyetoka zamu ya usiku mgodini. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2022 kiwango cha wastani wa desibeli 100 kwa kumbi za muziki, kwa ajili ya masikio ya walio ndani. Sisi tunapima kwa programu ya simu, kipimo kisicho cha maabara lakini bora kuliko kubishana, na tunajilazimisha tubaki chini ya hapo. Spika tumezigeuza zitazame ukuta wa upande usio na nyumba, na madirisha ya nyuma tumeyaziba kwa magodoro ya zamani.

Jirani yetu wa karibu zaidi, mstaafu wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, alikuwa adui mkubwa wa muziki wetu. Alikuja mara ya kwanza na fimbo. Mama wa ufunguo alimpa kiti na kikombe cha munkoyo (kinywaji cha mahindi), akamwambia: "Papa, wewe utatupigia filimbi ya kufunga." Tangu hapo, siku ambayo hatukucheleweshwa mlangoni, saa kumi na mbili na nusu yeye ndiye anayeingia, anasimama katikati ya ukumbi na saa yake ya mkononi, na hakuna rapa aliyewahi kumshinda. Malalamiko yake yamekwisha, ila sasa analalamika kwamba vijana hawajui kupiga rumba.

Lakini tuulize jambo. Katika barabara ileile kuna nganda (baa) zinazopiga muziki hadi jogoo awike, spika zikiwa nje kabisa, watoto wa miaka kumi na tano wakiwa wamekaa humo na chupa. Kuna maombi ya usiku kucha yenye mikro nne. Hatuwasemi vibaya, kila mtu na riziki yake na Mungu wake. Tunashangaa tu kwamba mtu anayetafuta kelele za usiku hutufikia sisi kwanza, saa tisa ya mchana, tena mahali pekee katika barabara ile pasipouzwa pombe. Kampuni za vinywaji zimewahi kutaka kutupa sono ya bure kwa sharti la kuuza bia zao. Tulikataa, na tulipokataa tulijua ni nani atakayelipa: sisi. Kilichotuchoma ni kwamba nganda ina karatasi moja ya mwaka na inaachwa, nasi tunaanza upya kila Jumamosi kama watu waliovamia mji.

Mji wenyewe una deni la zamani kwa kumbi. Jengo la 30 Juni, wanamokaa wabunge wa jimbo, lilijengwa miaka ya 1950 kuwa ukumbi wa tamthilia wa mji. Aliyelichora aliwaza jukwaa, hakuwaza kikao. Kambi za Union Minière, baadaye Gécamines, zilikuwa na serkle zao (kumbi za burudani) ambapo wafanyakazi waliona sinema na kusikiliza okestra. Kampuni ilipodhoofika miaka ya 1990, na hasa wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipoondoka katika mpango wa kuacha kazi kwa hiari ulioanza mwaka 2003, mshahara uliokuwa unashikilia paa hizo uliisha. Kumbi nyingine zimekuwa makanisa, nyingine depo, nyingine kuta tupu. Hizi chache zilizosalia zinasimama kwa sababu kuna mtu anayefagia bure.

Na hapo nyuma, Mwenda Jean Bosco alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo, akipiga gitaa kwa namna iliyokuja kuigwa hadi Nairobi. Rumba ya Kongo iliingia katika urithi wa binadamu wa UNESCO mwezi Desemba 2021, tukashangilia wote, wakubwa kwa wadogo. Tunaomba shangwe ile imfikie na mtoto anayejifunzia gitaa lenye nyuzi nne kati ya sita.

Hatujaomba fedha katika barua hii, na tumefanya hivyo kwa makusudi, maana ukiomba fedha hujibiwa kwamba bajeti imekwisha na mazungumzo yanafia hapo. Siku mtakapotaka kuzungumza fedha, tunajua Sheria ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inazipa mamlaka za chini asilimia 15 ya mrabaha wa madini, na inaidai kila kampuni ya uchimbaji angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa ajili ya maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Si komini zote za mji zinazoguswa na hilo kwa kiasi kimoja. Zinazoguswa zitazame paa za kumbi zao. Hayo ni ya siku nyingine.

Ya leo ni haya. Kila komini imtaje mfanyakazi mmoja, mwenye jina na namba ya ofisi, ambaye kumbi za kujitolea zitampelekea programu, orodha ya nyimbo na idadi ya watu Jumanne kabla ya tamasha. Yeye ndiye azungumze na idara nyingine, za kodi, za utamaduni, za polisi, halafu aturudishie karatasi moja kufikia Alhamisi, yenye bei ya kulipia benki na saa ya kufunga. Asipojibu hadi Alhamisi jioni, mhuri wa mapokezi uhesabiwe kuwa jibu. Na Jumamosi yeyote atakayekuja mlangoni akute karatasi hiyo imebandikwa, aisome, na kama anapenda muziki aingie akae. Kwake kiingilio ni franka 1,000 kama kwa wengine.

Tunajua kuna wakala wadogo ambao mshahara wao huchelewa na ambao Jumamosi ya mlangoni ndiyo inayowalisha. Hatuwachukii, wengine ni watoto wa mtaa huu, na mmoja wao kaka yake anapiga besi kwetu. Lakini njaa yao mnapaswa kuibeba ninyi mliowaajiri. Haiwezekani ikawekwa juu ya kikapu cha franka 1,000 za watoto.

Tumepeleka nakala ya barua hii kwa mkono katika ofisi zote zinazohusika, na kila moja imegonga mhuri wake wa mapokezi. Vakansi kubwa inaanza mwezi wa saba na vikundi vimeshaanza kuja kuandikisha majina. Jibu lenu likitufikia kabla ya hapo tutalibandika mlangoni, palepale panapobandikwa programu, liwe la kukubali au la kukataa, pamoja na jina la aliyelisaini.

Kwa heshima,

Katibu, kwa niaba ya kamati ya ukumbi
Lubumbashi